Ngome ya Macho na Ngome ya Mkono

Sehemu ya Kumi na Mbili

Najua mmenikasirikia. Jumamosi iliyopita niliwaacha na mwanamke wa watu jicho limeganda kwenye darubini, meli ya kijivu imepita boya jekundu bila kupandisha bendera hata moja, na juu ya meli hiyo, pembeni mwa usukani, amesimama mzee mwenye kofia nyeupe. Barua zimekuja. Mmoja wenu ameniuliza kama mimi nina roho ya binadamu.

Haya, twendeni. Mzee yule ni baba yake.

"Namba," alisema Kapteni, mkuu wa ngome, akiwa amesimama nyuma ya mwanamke yule karibu mno.

 Mpimaji, maana ndiyo kazi ya mwanamke huyu, alizungusha gurudumu la darubini kidogo, akatazama tena. Labda ni mtu mwingine. Lakini katika bandari nzima rubani wa kuingiza meli anayeiegemeza kofia kwenye sikio la kushoto ni mmoja tu, na utepe wa bluu wa kofia ile aliushona yeye mwenyewe mwezi uliopita, kwa uzi usiofanana.

"Afande, mle ndani kuna mtu wetu."

"Nani?"

"Rubani. Baba yangu."

Kapteni alicheka kwa pua. "Kumbe! Nilikuwa najiuliza ni nani aliyewapitisha kwenye miamba."

"Baba alitoka alfajiri kwenda kuipokea meli ya ngano. Unajua hivyo. Karatasi yake ulitia sahihi wewe."

"Na amerudi na meli ya mizinga. Huyo ni msaliti."

"Angekuwa msaliti angewapa bendera za siri za leo," Mpimaji alisema, bado jicho lake liko kwenye kioo. "Anazijua. Wangepandisha, na sisi tungekaa hapa tunawapungia mikono kama wajinga. Hawakupandisha kwa sababu amekataa kuwaambia."

Kwa mtu mwenye akili maneno hayo yalitosha. Kapteni alikuwa na bastola, na alipoitoa kwenye ala aliiweka mezani polepole, juu kabisa ya daftari lake Mpimaji.

"Msaliti au si msaliti, amesimama juu ya meli ya adui. Namba."

Sasa, kwa mliojiunga nasi leo, nitaeleza mara moja tu, na mwenye kulijua hili aende akachemshe chai.

Mlango wa bandari ile una ngome mbili, moja kila upande. Aliyezijenga, karne iliyopita, alikuwa mhandisi asiyemwamini mtu. Aliogopa kwamba mkuu wa ngome mwenye mizinga, siku akichukizwa, ataigeuzia mji. Kwa hiyo akagawa. Ngome ya mashariki akaipa mnara mrefu na darubini kubwa, bila bunduki hata ya kufukuzia kunguru. Ngome ya magharibi akaipa mzinga mmoja mkubwa, akauficha ndani ya shimo nyuma ya ukuta mnene usio na tundu. Ukitaka kupiga, chuma kizito kinaachiwa kishuke, mzinga unapanda juu ya ukuta, unapiga, halafu unazama tena shimoni kama kobe anayerudisha kichwa. Walio shimoni wanaona mbingu tu. Bahari hawaijui ila kwa harufu.

Moja ina macho haina mkono, nyingine ina mkono haina macho. Katikati kuna waya wa simu uliopita chini ya maji, na kwenye simu hiyo sheria ni namba peke yake. Neno lolote lisilo namba ni siku tatu mahabusu.

Na upande wa pili wa waya ule, kwenye usukani wa mzinga, anakaa mwanamume aitwaye Nyundo. Huyu ndiye aliyekuwa mume wa Mpimaji.

Miaka sita wanazungumza kila siku na hawajawahi kusalimiana. Anampa namba, anamrudishia namba, wanakata simu. Sheria ya mhandisi yule iliwafaa kuliko sheria yoyote duniani.

"Kombora la kwanza la onyo," Kapteni alisema. "Mita mia tatu mbele ya omo, mbele ya pua yake. La pili ndani ya tumbo lake."

Mpimaji alivuta pumzi. La onyo halimuui mtu. Akainamia bomba la kuzungumzia, lile linaloshuka hadi chini kabisa ya mnara, kwenye ubao wenye alama za maji.

"Bibi! Maji?"

"Mita tatu kamili, mwanangu!" sauti ilipanda. Hiyo ni ya Bibi Maji, ambaye kila robo saa kwa miaka thelathini amekuwa akitazama bahari imefika alama gani ubaoni. "Yamejaa kweli kweli! Nimelowa hadi kwenye magoti, na hakuna anayeniuliza kama nimekunywa uji!"

Ile darubini hupima umbali kwa kutazama chini, kutoka mnarani hadi mstari wa maji ubavuni mwa meli. Bahari ikijaa, mnara unakuwa kama umefupishwa miguu, na darubini inadhani meli iko mbali kuliko ilipo. Kwa hiyo mpimaji lazima ayatoe maji. Anasoma darubini, anatazama jedwali lililobandikwa ukutani, anapunguza mita zinazotakiwa, anaihamisha namba kwenye ramani iwe namba ya mzinga, ndipo anaitamka.

Mpimaji alisoma. Jedwali likamwambia apunguze mita mia mbili na kumi. Akapunguza. Akanyanyua simu, akatoa mwelekeo, akatoa masafa: elfu nne kasoro hamsini.

"Elfu nne kasoro hamsini," sauti ya Nyundo ilirudia, kavu kama mkate wa juzi. Simu ikakatwa.

Ng'ambo ya maji mzinga ulipanda, ukanguruma, ukazama. Vioo vya mnara vilitetemeka. Mpimaji alihesabu moyoni, akaona maji yakiruka juu, meupe.

Mbele ya omo, ndiyo. Lakini lilikuwa fupi. Lilianguka upande wa kule wa njia ya meli, karibu na ngome ya mzinga, mahali ambapo hakuagiza.

"Fupi!" Kapteni alipayuka. Hata bila darubini aliliona. "Fupi kwa mita mia mbili! Mwanamke, unanichezea?"

"Namba yangu ni sahihi."

"Sahihi kwa baba yako!"

Mpimaji hakumsikia vizuri, kwa sababu alikuwa ameligeukia jedwali ukutani. Mita mia mbili, au mia mbili na kumi. 

Miaka sita nyuma, siku ya mazoezi, bahari ilikuwa imejaa vilevile. Rubani, baba yake, ndiye aliyeipeleka shabaha ya mbao mahali pake, akapanda juu yake kama desturi, akaivua kofia, akainyanyua juu, akaiweka chini mbele ya miguu yake. Maana yake kwa walio mnarani: shabaha ndiyo hii, chukueni namba. Halafu akavaa kofia, akaondoka na mtumbwi wake. Mashua ya kuivuta shabaha ilikuwa upande wa ngome ya mzinga, na ndani yake alikuwamo mdogo wake Nyundo, shemeji kipenzi wa Mpimaji, aliyekuwa akija nyumbani kila jioni kumsumbua awatengenezee chai.

Kombora lilianguka fupi, juu ya mashua ile. Kwa mita mia mbili.

Baraza lilikaa kwa nusu saa tu. Likasema mpimaji alikosea. Mama mkwe alitema mate chini mbele yake. Nyundo hakumpiga wala hakumtukana. Alikunja nguo zake mwenyewe, akamwandikia talaka kwenye karatasi ya ngome, akahamia ng'ambo moja kwa moja. Na tangu siku ile mzinga haukupigwa tena kwa kombora la kweli. Mazoezi yalibaki ya kuupandisha na kuushusha. Hakuna aliyepata nafasi ya kuona unaangusha wapi.

Mpaka leo.

"Kuna mtu kule anayatoa maji mara ya pili," Mpimaji alijisemea kimoyomoyo. Nyundo alikuwa mkuu mpya wa mzinga wiki ile ya mazoezi. Aliyemtangulia alistaafu bila kumkabidhi kitu. Nyundo naye ni mtu wa bidii; akiona ubao wa maji kwenye ukuta wa ngome yake, atausoma. Akiona jedwali, atalitumia. Hatauliza, maana hajawahi kuuliza hata njia.

Hakukosea yeye. Miaka sita amepakwa matope, na hakukosea yeye!

Alitaka kupiga kelele. Kisha akamwona baba yake kwenye kioo, na akaelewa jambo la pili, na hilo likamfumba mdomo.

Kosa lile ndilo lililokuwa limemshikia baba yake uhai. Ilimradi Nyundo hajui, yeye atatoa namba za kweli, moja baada ya nyingine, na kila kombora litaanguka fupi. Hatadanganya na mzee hatakufa. Anachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ana uzoefu nako wa miaka sita.

"La pili," Kapteni alisema. "Katikati ya meli. Na ninahesabu pamoja nawe."

Alikuwa hajui kuhesabu kitu, lakini alisogea, akamsukuma Mpimaji kwa bega, akaweka jicho lake kwenye darubini kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Akakaa hapo, akikunja uso.

"Naona nyasi," alisema.

"Ni kope zako, afande."

Alinyanyuka haraka, amekuwa mwekundu wa masikio. "Toa namba!"

Akazitoa, za kweli zote, kwa sauti isiyotetemeka. Mzinga ukapanda, ukanguruma. Maji yakaruka ubavuni mwa meli, mbali, fupi kwa mita mia moja na tisini. Mabaharia wa ile meli walikimbilia upande huo kuangalia, na mmoja akapunga mkono kwa kejeli. Meli haikupunguza mwendo.

"Ikipita mlango imetushinda!" Kapteni alifoka. "Mzinga haugeuki nyuma! Mji wote utakuwa mbele yao, uchi!" Akaichukua bastola, akaielekeza mbavuni mwa Mpimaji. Kwa mkono mwingine akanyakua simu. "Nyundo! Kapteni hapa, na sheria ya namba naifuta mimi mwenyewe. Huyu mtalaka wako anatudanganya. Baba yake yumo kwenye meli. Anatupa namba za uongo!"

Simu ile ina sauti kubwa. Mpimaji alisikia kila neno la jibu.

"Sishangai, afande," Nyundo alisema. "Huyo ndiye aliyemuua mdogo wangu kwa namba zake. Mkamate, mweke mwingine."

Wasomaji wangu, mtu anaweza kuvumilia bastola. Anaweza kuvumilia Kapteni, ingawa ni vigumu zaidi. Lakini neno lile, kutoka mdomo ule, baada ya miaka sita ya namba na kimya na kupita mbali na nyumba ya mama mkwe ili asitemewe mate! Damu ilimchemka. Kila alichokuwa amejipangia kikayeyuka. Alimpokonya Kapteni simu mkononi kama anayempokonya mtoto kisu.

"Maji unayatoa?" aliuliza.

"Nini?"

"Maji, wewe mwanamume! Nikikupa masafa, unayatoa maji kabla hujapiga?"

"Ninayatoa, kwani vipi? Kila siku ninayatoa. Jedwali liko hapa ukutani. Kazi yangu ninaijua."

"Mimi huyatoa huku," alisema Mpimaji. "Tangu siku ya kwanza nilipoingia mnarani. Namba ninayokupa imeshatolewa. Wewe unaitoa tena."



"Siku ile bahari ilikuwa imejaa mita tatu," aliendelea. "Lilianguka fupi mita mia mbili. Leo mita tatu, fupi mita mia mbili. Hesabu mwenyewe, si umesema kazi yako unaijua? Haya, hesabu!"

Alisikia karatasi ikichanwa kutoka ukutani. Alisikia mtu akipumua kama aliyepandishwa ngazi kwa kukimbizwa.   Nyundo alikuwa amemchukia mtu mmoja miaka sita kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na mdogo wake alikuwa bado kaburini.

Mpimaji alifarijika kwa muda wa kama kupepesa jicho mara mbili. Kisha akakumbuka kofia nyeupe.

Alikuwa amemwaga mtama wote. Siri pekee iliyokuwa imesimama kati ya baba yake na kombora ameitoa kwa mdomo wake, kwa hasira, na asingeweza kuirudisha.

Kapteni alikuwa wa kwanza kuchangamka. Furaha ilimwenea usoni. "Ala! Kumbe ni hivyo!" Akasogeza mdomo kwenye simu juu ya bega la Mpimaji. "Nyundo, umesikia? Usitoe tena kitu. Piga kama ulivyopewa. Na wewe, namba!"

"Afande, ni baba yangu."

"Na mimi nina mama yangu mjini. Namba!"

"Mzee yumo kweli?" Hiyo ilikuwa sauti ya Nyundo, ndogo, ngeni.

"Yumo."

"Amesimama wapi?"

"Karibu na usukani."

 Mzee yule ndiye aliyemposea Nyundo binti yake mwenyewe, kwa maana Nyundo alishindwa kusema mbele ya wakubwa. Hata baada ya talaka, kila Idi na kila mwaka mpya alimtumia salamu ng'ambo, na kila mara Nyundo hakujibu.

"Sekunde thelathini," Kapteni alisema, na mdomo wa bastola ukazama zaidi mbavuni. "Baada ya hapo ninakupiga wewe na kusoma mwenyewe."

"Utasoma kope."

"Basi nitabahatisha, na utakuwa umekufa bure."

Mpimaji aliinamia darubini. Labda ameondoka pale. Labda wamemshusha chini. Mungu wangu, wawe wamemshusha chini.

Hawakumshusha. Baba alikuwa amegeuka. Hakuwa akitazama njia tena. Alikuwa akitazama mnara, moja kwa moja ndani ya kioo, kama mtu anayejua nani yuko upande wa pili. Alikuwa ameyaona makombora mawili yakianguka fupi. Miaka thelathini ameweka shabaha mbele ya ngome hizi, anajua kombora fupi lina maana gani, na pengine alidhani anaijua sababu. Alidhani binti yake anamwonea huruma.

Mzee akaivua kofia.

"La," alisema Mpimaji kwa sauti.

Akainyanyua juu, polepole, mahali ambapo jua liliipiga ikang'aa. Mtu mwenye bunduki alimshika bega. Mzee akajinasua, akainama, akaiweka kofia chini mbele ya miguu yake.

Shabaha ndiyo hii. Chukueni namba.

"La, baba. La, la."

"Anafanya nini? Kuna nini?" Kapteni aliuliza. Hakuijua desturi ile. Hakuna desturi ya bandari aliyoijua.

Lakini Nyundo aliijua. "Ameivua kofia?" aliuliza kwenye simu.

"Ameivua."

"Ameiweka chini?"

"Ameiweka chini."

Mwenye bunduki alimpiga mzee kwa kitako cha bunduki, mzee akapiga magoti. Akasimama tena, kichwa wazi, mvi zake zikipeperushwa, na kofia bado iko pale pale. Hakuiokota. Alirudi akasimama nyuma ya kofia kama alivyokuwa akisimama juu ya mbao za mazoezi, ila safari hii hapakuwa na mtumbwi unaomngoja.

Mpimaji aliacha kulia, maana machozi yanaharibu kioo. Aliinamia bomba.

"Bibi. Maji?"

"Mita tatu bado, mwanangu. Mbona sauti yako hivyo?"

Alisoma darubini. Alisoma jedwali. Penseli ilipunguza mita mia moja na themanini kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa siku zote. Akaihamisha namba kwenye ramani. Akatoa mwelekeo. Akatoa masafa: "Elfu tatu mia nne na ishirini."

"Elfu tatu mia nne na ishirini," Nyundo alirudia.

Lakini hakukata simu. Waya ulivuma. Kisha akauliza, taratibu, swali ambalo kama angeliuliza miaka sita iliyopita mdogo wake angekuwa hai na wao wangekuwa na nyumba moja:

"Maji umeyatoa, au niyatoe mimi?"

Kapteni hakuelewa. Alidhani ni hesabu. Mpimaji alielewa vizuri sana. Nyundo alikuwa amempa mlango. Aseme *toa wewe*, kombora lianguke fupi, na hakuna baraza duniani litakalojua ni nani kati yao wawili aliyemwokoa mzee.

Kwenye kioo baba yake alikuwa akingoja, mikono nyuma, bila haraka, kama anayengoja kivuko.

"Nimeyatoa," alisema. "Usiguse kitu."

"Haya," alisema Nyundo. Na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaongeza neno la upole: "Pole, mke wangu."

Ng'ambo, mzinga ukapanda juu ya ukuta.

Kazi ya mpimaji haiishi kwa kutoa namba. Lazima atazame kombora linaanguka wapi, alitangaze, liandikwe. Sauti ya mlio ilifika, vioo vikatetemeka, Kapteni akaziba masikio. Kwa masafa yale kombora huchukua sekunde tisa.

Mpimaji hakuliondoa jicho. Alianza kuhesabu.